Tangazo la chuo linalojitosheleza, mtu asirudi kuuliza dirishani

Chukua tangazo hili. Ni la kubuni, ila kila anayepita ubaoni atalitambua:

"TANGAZO! TANGAZO! TANGAZO! Wanachuo wote mnatangaziwa kuwa jaribio la vitendo litafanyika Jumatatu tarehe 12 Januari 2026 saa 9:00. Kila mmoja akamilishe taratibu zote na aje na vifaa. Atakayekiuka hatavumiliwa. Wote mzingatie. Imetolewa na Utawala."

Hakuna sentensi hapo isiyomrudisha mtu dirishani. Wanachuo wote ni wepi, hata wa useremala? Saa 9:00 ni alasiri au ni ile ya kwenye kompyuta? Taratibu zipi, vifaa gani? Kibaya zaidi, 12 Januari ni Sikukuu ya Mapinduzi. Siku na tarehe vinalingana, kwa hiyo aliyehakiki aliridhika, lakini karakana siku hiyo imefungwa.

Naandika kwa wanaoshika kazi hii kwenye vyuo vya jamii: maofisa taaluma, makatibu muhtasi, viongozi wa serikali ya wanachuo. Mfano wangu ni Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, hizi FDC zetu zilizoanza mwaka 1975 kwa kuiga vyuo vya wananchi vya Sweden. Kwenye eneo moja la FDC utamkuta kijana wa umeme wa majumbani, mama wa kozi fupi ya ushonaji, binti aliyerudi kusoma sekondari, na mkulima aliyekuja kwa wiki mbili tu. Ukiandika "wanachuo wote" kwa watu hao, kila mmoja atadhani anaambiwa mwenzake. Ndiyo maana mstari wa kwanza wa tangazo langu hautaji neno tangazo kabisa. Unamtaja mhusika:

"USHONAJI, MWAKA WA KWANZA: JARIBIO LA VITENDO
Jumanne, 13 Januari 2026, saa 2:30 asubuhi, karakana ya ushonaji.
Njoo na: kitambulisho cha chuo, mkasi, futi ya kupimia, kitambaa mita 2 na nusu, uzi wa rangi ya kitambaa.
Cherehani zipo. Usilete yako.
Mlango unafungwa saa 2:45 asubuhi. Atakayechelewa amwone mkuu wa fani siku hiyo hiyo kabla ya saa 6:00 mchana.
Limebandikwa 5 Januari 2026. Liondolewe 14 Januari 2026."

Chini yake saini, cheo na muhuri. Angalia mstari wa cherehani. Usipouandika, kuna mtu atakodi bodaboda kubeba cherehani ya nyumbani, kwa sababu umesema "vifaa". Kutaja kisichohitajika ni sehemu ya tangazo sawa na kutaja kinachohitajika. Na vitisho havina kazi. Mwambie mtu afanye nini akichelewa, hiyo inatosha.

Saa

Kwa maoni yangu hapa ndipo matangazo mengi yanapoharibikia. Ratiba imetengenezwa kwenye kompyuta, inasoma 09:00. Mtu anainakili ilivyo, mwanachuo anasoma saa tisa, anafika alasiri na kukuta watu wameshatawanyika. Kuna kosa la pili, la mtu makini: ofisa wa kwanza amebadilisha 09:00 kuwa saa 3:00, wa pili anaiona 3:00 bila neno lingine, anadhani bado ni ya Kizungu, anaibadilisha tena. Inarudi saa 9:00, safari hii ikiwa na baraka za watu wawili.

Dawa ni ndogo. Namba ya saa isisimame peke yake kamwe, iambatane na asubuhi, mchana, alasiri, jioni au usiku. "Saa 3:00 asubuhi" haina njia mbili za kusomwa. Mtindo wa saa 24 uache kwenye kompyuta yako, usiufikishe ubaoni hata mara moja, maana ukichanganya mitindo miwili kwenye ubao mmoja msomaji hataamini wowote kati yake.

Usiku nao una mtego wake. "Mwisho wa kurudisha fomu ni usiku wa Ijumaa saa 6:00." Usiku upi? Kwa mtu wa pwani, usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa, yaani jua la Alhamisi likishazama. Wengi wa bara wataelewa ule unaofuata baada ya mchana wa Ijumaa. Wote wako sahihi kwa lugha yao, na mmoja atakosa nafasi. Mimi huhamisha mwisho kabisa: Ijumaa saa 8:00 mchana, wakati mtu wa kupokea fomu bado yuko kwenye kiti.

Kuhusu tarehe, kagua mambo matatu kwa pamoja: siku ya wiki, tarehe, na sikukuu. Idi inategemea mwandamo wa mwezi, kwa hiyo mtihani usiukaribishe siku mbili huku na huku. "Wiki ijayo" na "kesho kutwa" yaache kwenye mazungumzo. Karatasi iliyobandikwa Jumatatu husomwa hadi Alhamisi, na "kesho" yake inahama kila siku.

Fedha

Tangazo la ada liwe na kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, siku ya mwisho, na njia ya kulipa. Kwenye vyuo vya serikali mwanachuo hulipa kwa namba ya malipo, ile tunayoiita kontroo namba, na ankara ya kila mmoja ina yake. Usibandike namba ya mtu mmoja kama mfano. Kuna watakaoinakili na kumlipia mwenye ankara, na mhasibu atapata kazi ya mwezi mzima kuifungua kesi hiyo. Andika tu namba inapatikana wapi na ofisi iko wazi saa ngapi.

Namba ya simu ya mtu binafsi isiwepo kabisa. Wote tunaujua ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Chuo kikizoesha watu kutuma ada kwa simu ya mtu hata mara moja tu, tapeli atakayekuja kesho atakuta njia imeshasafishwa.

Majina nayo. Orodha ya wadaiwa yenye majina kamili na kiasi cha deni ilikuwa kawaida yetu, lakini sasa kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata bila sheria ni jambo la aibu. Tumia namba ya usajili. Matokeo vivyo hivyo, na usiyapange kwa alfabeti ya majina halafu ukafuta majina: anayejua nani anafuatana na nani darasani ataisoma orodha yote. Yapange kwa namba.

Ubaoni

Karatasi moja, tangazo moja. Kichwa cha habari kisipungue saizi 28, maandishi ya kawaida 16, ili mtu aliyesimama hatua mbili nyuma ya wenzake asome. Ukiona hayatoshi, maneno yamezidi, usipunguze saizi. Katikati ya karatasi kuwe kama sentimita 140 kutoka chini, na la muhimu lishuke kidogo kwa ajili ya mwenye kiti cha magurudumu.

Wino wa printa ya kunyunyizia huchuruzika ukipata unyevu wa masika, ule wa unga wa printa ya leza haujali. Rangi nyekundu hupauka kwa jua, basi usiitumie kwa tarehe. Gundi huacha mabaki ya karatasi yanayofanya ubao uonekane wa zamani hata ukiwa na habari za leo, pini nne za pembeni zinatosha. Na kila Ijumaa mtu mmoja, kwa jina, apite akitoa yaliyopitwa. Ubao wenye tangazo la mahafali ya mwaka jana umeshawafundisha watu kutousoma.

Simu

Kwenye WhatsApp kundi moja linaingiza hadi watu 1,024, kwa hiyo ukubwa si tatizo kwa FDC. Kelele ndiyo tatizo. Tenga kundi la matangazo ambalo ni maadmini tu wanaoandika, salamu na vichekesho vikae kwingine. Tuma maandishi kwanza, PDF baadaye. Picha ya ubao iliyopigwa kwa pembeni haisomeki, na asiye na bando hataifungua, ilhali maandishi yanaingia hata mtandao ukiwa wa kusuasua. Mwaka uandikwe kwa ukamilifu, maana tangazo la mwaka jana husambazwa upya na mtu mwenye nia njema kabisa.

Bado kuna wenye simu za kitochi, na kwao SMS ndiyo njia. Hapa pana jambo dogo linalokula fedha. SMS moja hubeba herufi 160 zikiwa za kawaida. Ikiingia herufi moja tu nje ya orodha hiyo ya kawaida, ujumbe wote hubadilishwa mfumo na nafasi hushuka hadi 70. Kiswahili kina mtego wake hapo: alama ya juu katika ng'ombe, ng'oa, ng'ambo. Ukiandika kwenye Word, alama hiyo hupindishwa yenyewe ikawa kama ya vitabuni, na hiyo iliyopinda haimo kwenye orodha. Ile iliyonyooka imo. Fanya hesabu: ujumbe wa herufi 150 kuhusu mafunzo ya ng'ombe wa maziwa ni SMS moja ukiwa na alama iliyonyooka. Ukiwa na iliyopinda unakatwa vipande vya herufi 67, unakuwa SMS tatu. Kwa wanachuo 300 umelipia 900. Kistari kirefu na emoji hufanya vivyo hivyo. Andika ujumbe moja kwa moja kwenye ukurasa wa kutuma SMS, usinakili kutoka Word.

Mstarini

Kwa asiyesoma vizuri, na kwa aliyesahau miwani, tangazo husomwa mstarini asubuhi. Yasizidi matatu. Taja mhusika, nyamaza kidogo wainue vichwa, kisha soma. Tarehe na saa zirudiwe mara mbili kwa maneno yale yale. Ukirudia kwa maneno mengine wanadhani ni jambo jipya.

Nafasi za masomo ni suala tofauti, maana msomaji wake hayupo chuoni. Nakala ziende kwa watendaji wa kata na vijiji, misikitini, makanisani, na redio ya jamii, angalau wiki sita kabla ya mwisho wa kupokea fomu. Siku ya gulio mtu asimame nazo pale watu wanaposhukia.

Likitokea kosa, usirekebishe kwa kalamu juu ya karatasi. Asubuhi watu watasema wameandika wahuni. Toa jipya, na mstari wa kwanza useme: "Tangazo hili linafuta la 5 Januari 2026 kuhusu jaribio la ushonaji." Kisha taja kilichobadilika peke yake: "Saa imebadilika, siku na mahali ni vile vile." La zamani litoke ubaoni dakika hiyo hiyo. Kwenye WhatsApp unaweza kuhariri ujumbe ndani ya dakika 15, lakini walioshausoma hawatarudi kuusoma tena, kwa hiyo tuma mpya.

Nakala ya kila tangazo iingie kwenye faili. Nyuma yake andika lilibandikwa lini, saa ngapi, na nani, na liliondolewa lini. Mwanachuo akikata rufaa kwamba hakutangaziwa jaribio, hiyo ndiyo karatasi mkuu wa chuo atakayoiomba kwanza.