Usiku wake unaanzia kwenye kiti cha mchana

"Daktari, mchana kutwa anasinzia. Usiku wa manane anatafuta funguo, eti anachelewa kazini." Wanaouguza watu wenye Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu, huniambia maneno ya namna hii karibu kila wiki, kisha huomba dawa ya usingizi. Mimi huuliza kwanza: mchana anakaa wapi?

Saa kuu ya mwili, inayopanga wakati wa kulala na kuamka, ni kikundi cha seli za neva zipatazo 20,000 ndani ya haipothalamasi, sehemu ndogo ya chini ya ubongo, juu kidogo ya pale neva za macho zinapopishana. Kwa watu wengi mzunguko wake unapita saa 24 kwa dakika chache, kwa hiyo lazima irekebishwe kila siku, na kinachoirekebisha zaidi ni mwanga. Alzheimer hupunguza seli hizo, na melatonini, homoni ya usiku inayouambia mwili ulale, nayo hushuka. Wakati huohuo seli za retina, utando wa nyuma ya jicho, zinazoipelekea saa habari za mwanga hufa, mtoto wa jicho hutanda, na mgonjwa mwenyewe anashinda chumbani, mapazia yamefungwa. Saa imeharibika, na fundi wake hapewi njia ya kupita.

Kwa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka, ukiacha hiyo saa ya mwili, kuna jambo la ndotoni: mtu hupiga ngumi na mateke akiigiza anachokiota, pengine miaka mingi kabla mkono haujaanza kutetemeka. Anayelala naye anajua. Sisi madaktari ndio tunaosahau kumuuliza.

Mwaka 2008 watafiti wa Uholanzi walichapisha jaribio lililofanyika katika makao ya wazee. Taa kali za mchana zilipunguza kidogo kasi ya kudidimia kwa akili, na huzuni pia. Kidogo, nasisitiza, taa haimrudishi mtu alivyokuwa. Melatonini peke yake iliharakisha usingizi lakini ikawafanya wazee wanyong'onyee na kujitenga, mpaka ilipoambatana na mwanga.

Vidonge vikali vya usingizi naviogopa: mzee anaamka kalewa, anaanguka njiani kwenda msalani, na kesho yake anasinzia zaidi. Kwa hiyo naanza na kiti. Kihamishieni dirishani au nje asubuhi, muda uleule kila siku, na usingizi wa mchana uwe mfupi. Akiamka usiku, washeni taa hafifu tu, msibishane naye kuhusu kazi.