Upepo wa ubavuni: gurudumu likigusa, kazi haijaisha

Njia ya kurukia ya uwanja wa Dodoma imelala mashariki-magharibi, na majira ya kusi upepo hutoka kusini-mashariki. Ukitua kuelekea mashariki, unakupiga mshazari kutoka kulia. Upepo wa noti 20 (maili 20 za baharini kwa saa) ukija kwa pembe ya digrii 30 na njia, noti 10 ndizo zinazokusukuma kando. Pembe ikifika digrii 60, zinakuwa 17. Kitabu cha Cessna 172, ndege ndogo ya mafunzo, kinataja noti 15 kuwa ndizo zilizothibitishwa katika majaribio. Mwanafunzi wangu anayerusha peke yake simruhusu hata azikaribie.

Ukiwa bado juu, elekeza pua kidogo upande wa upepo na ndege itafuata mstari. Ugumu uko karibu na ardhi, maana magurudumu hayapaswi kugusa yakiwa upande. Hapo kanyaga pedali ya kushoto taratibu hadi pua inyooke, huku ukizungusha usukani kulia ili bawa la kulia lishuke. Pedali inanyoosha pua, bawa linazuia kusukumwa. Ukijiona unahamia kushoto, shusha bawa zaidi. Wengi hukimbilia pedali, na pua inapinda. Gurudumu la kulia litagusa kwanza, kisha la kushoto, la pua mwisho. Abiria hushtuka, lakini ndivyo inavyotakiwa.

Sasa ndipo ninapopaza sauti ndani ya ndege: usiachie usukani! Mwendo ukipungua, hewa inayopita juu ya bawa nayo inapungua nguvu, kwa hiyo endelea kuzungusha kulia mpaka usukani ufike mwisho. Ukiulegeza, upepo unainua bawa la kulia na pua inageukia kulia, nje ya mstari.

Dodoma kazi hii huchukua muda zaidi. Uwanja uko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, na mchana wa jua kali hewa ni nyepesi: mshale wa mwendo ukisoma noti 65, mwendo halisi hewani ni kama 71. Usipunguze kwa sababu ardhi inaonekana kukimbia, amini mshale. Upepo ukija kwa vishindo, ongeza mwendo kwa nusu ya tofauti kati ya kishindo na upepo wa kawaida.

Na kama pedali imefika mwisho na pua bado haijanyooka, upepo umezidi uwezo wa ndege. Sukuma nguvu yote, panda, zunguka. Ukishapanda, amua: usubiri upepo utulie, au uende uwanja mwingine ambao mafuta yako yanakufikisha.