Seramu ya Mukteswar na maksai wa mkulima wa India

Nikiwa daktari wa mifugo ninayefuatilia historia ya sotoka, ugonjwa wa virusi uliokuwa ukiua ng'ombe kwa wingi, naziona huduma za mifugo za India chini ya utawala wa Waingereza kuwa mfano mzito kuliko yote niliyoisoma, kwa sababu dawa ilipatikana mapema lakini ilichukua miongo mingi kumfikia mkulima kwa wakati unaofaa.

Huduma hizo hazikuanzishwa kwa ajili ya ng'ombe. Jeshi lilihitaji farasi, na madaktari wa mifugo waliotoka Uingereza walikuwa watumishi wa jeshi. Hata Griffith Evans, aliyegundua mwaka 1880 kimelea cha surra, ugonjwa wa damu wa farasi na ngamia, alikuwa akichunguza farasi na ngamia. Maksai wa kijijini, aliyelima shamba, akavuta maji kisimani na kukokota mkokoteni wa mavuno, hakuwa na daktari wa serikali, na akifa mvua za monsuni zikikaribia, familia iliweza kupoteza msimu mzima wa kilimo.

Tume iliyochunguza maradhi ya ng'ombe ilitoa ripoti yake mwaka 1871. Wakati huo Uingereza ilikuwa imekwisha kuizima sotoka kwake kwa kuchinja mifugo iliyoambukizwa. India haikuweza kuifuata njia hiyo, kwa kuwa uchinjaji wa ng'ombe uligusa imani ya Wahindu, na fidia katika nchi kubwa kiasi kile ingegharimu fedha nyingi mno. Kwa maoni yangu, kizuizi hicho ndicho kilichoisukuma serikali kuelekea kwenye kinga. Maabara ya bakteria ilifunguliwa Pune mwaka 1889, kisha mwaka 1893 ikahamishiwa Mukteswar, katika milima ya Kumaon, penye baridi na mbali na mifugo ya watu. Robert Koch, mtaalamu wa bakteria kutoka Ujerumani, alifika huko mwaka 1897, na kuanzia mwaka 1899 seramu ya sotoka ikaanza kutengenezwa.

Inafaa kuieleza seramu yenyewe, maana udhaifu wake ndio ulioamua sura ya huduma. Ilitolewa katika damu ya ng'ombe waliokwisha kupata kinga, na ilimkinga mnyama aliyechomwa sindano yake kwa muda mfupi tu. Kwa hiyo haikuwa na faida kubwa kuitumia mahali ambapo ugonjwa haujaingia. Msaidizi wa daktari wa mifugo alilazimika kusubiri habari za mlipuko, kwenda kijijini na chupa zake, kuwachoma wanyama ambao hawajaugua, kisha kuwaacha wachanganyike na wagonjwa ili waugue kidogo na kupata kinga ya kudumu. Habari zikichelewa, alikuta mizoga. Njia nyingine ilikuwa kumchoma mnyama seramu pamoja na damu yenye virusi hai, lakini damu hiyo iliweza kubeba vimelea vingine, na nawaelewa kabisa wakulima walioogopa kuona damu ya ng'ombe mgonjwa ikiingizwa kwa maksai wao mzima.

Idara ya kiraia ya mifugo iliundwa mwanzoni mwa miaka ya 1890, na vyuo vya Lahore, Bombay, Calcutta na Madras vilitoa wasaidizi Wahindi waliobeba kazi hii vijijini. Walikuwa wachache mno. Tume ya Kifalme ya Kilimo, chini ya Lord Linlithgow, ilipendekeza mwaka 1928 msaidizi mmoja kwa kila ng'ombe 25,000, na lengo hilo, ambalo kwangu ni dogo, bado lilikuwa mbali na hali halisi.

Mabadiliko makubwa yalikuja pale mtafiti J. T. Edwards, huko huko Mukteswar, alipovipitisha virusi vya sotoka kwa mbuzi mmoja baada ya mwingine hadi vikapungua ukali kwa ng'ombe. Katika miaka ya 1930 ng'ombe wa tambarare waliweza kuchanjwa kwa virusi hivyo bila seramu, wakapata kinga ya muda mrefu, na msaidizi akaweza kuutangulia ugonjwa badala ya kuufuata nyuma. Ng'ombe wa milimani na machotara waliozaliwa na ng'ombe wa Ulaya, ambao chanjo hiyo iliwalemea, waliendelea kuhitaji seramu pamoja nayo.