Bendi kubwa huvunjikia wapi: pesa ya utunzi, jina, na makubaliano yasiyoandikwa

Ukikaa na mashabiki wa muziki, kila bendi iliyovunjika ina mtu wake wa kulaumiwa. Kwa Beatles ni Yoko Ono, mke wa John Lennon. Kwa Pink Floyd ni ujeuri wa Roger Waters, mpiga besi wao. Kwa bendi zetu za dansi ni mwimbaji aliyechukuliwa na tajiri wa bendi nyingine. Sisi tunaolea vikundi vya sanaa hapa Mwanza hatukatai kwamba tabia za watu zina nafasi yake, maana watu waliosafiri kwenye Coaster moja miaka kumi lazima wachokane. Ila wapo wengi waliochokana na kila Jumamosi wanapanda jukwaani pamoja. Ukifuatilia magomvi yaliyofika mezani au mahakamani, mara nyingi unakuta jambo ambalo halikuzungumzwa wakati wote hawana kitu.

Tuanze na pesa, kwa sababu hapo ndipo vijana wengi wanapopotea. Bendi moja ina mifuko mitatu. Upo mfuko wa mlangoni na shoo za kukodiwa, ambao kwa kawaida hugawanywa usiku uleule. Upo mfuko wa rekodi, unaofuata mkataba na studio au msambazaji. Halafu ipo mirabaha ya utunzi, inayomwendea aliyetunga maneno na muziki, awe amepanda jukwaani au amelala kwake. Mwaka wa kwanza mfuko huo wa tatu ni mtupu na hakuna anayeuulizia. Wimbo ukishika, ukaingia redioni na kwenye matangazo ya biashara, mpiga dramu anashangaa mwenzake amepaua nyumba ya pili wakati yeye bado anasubiri posho ya Jumamosi. Walifanya mazoezi chumba kimoja, wakalala gesti moja. Hapo anajiona ameibiwa, na huenda hakuna aliyemwibia hata senti.

Queen waliujua ugomvi huo vizuri. Hii ndiyo bendi ya Freddie Mercury, mzaliwa wa Zanzibar. Mwaka 1975 walitoa santuri ya "Bohemian Rhapsody", utunzi wa Mercury, na upande wa pili ukawekwa wimbo wa mpiga dramu, Roger Taylor, unaohusu mtu aliyependa gari lake. Watu walinunua kwa ajili ya upande wa kwanza. Lakini santuri haiuzwi nusu, kwa hiyo kila nakala iliyotoka dukani ilimlipa Taylor mirabaha ya utunzi sawasawa na Mercury. Manung'uniko ya namna hiyo yaliendelea miaka mingi, hadi albamu yao ya 1989 ambapo nyimbo zote ziliandikwa kuwa ni utunzi wa Queen. Mercury alifariki Novemba 1991 akiwa bado mwanabendi.

Na mtunzi ni nani hasa? Mpiga solo aliyebuni ile mistari ya gitaa ambayo watu wanaiimba kwa mdomo wakitoka ukumbini, naye anahesabika? Matthew Fisher, mpiga kinanda wa Procol Harum ya Uingereza, alipigania swali hilo kwa ajili ya kinanda alichopiga kwenye wimbo wao maarufu wa 1967. Kesi ilipanda ngazi na kushuka, na mwaka 2009 ngazi ya juu kabisa ya mahakama ya nchi hiyo ikampa asilimia 40 ya hakimiliki ya muziki wa wimbo huo. Ilikuwa imepita miaka 42. Ingetosha siku ile ya studio watu wakae dakika kumi, waandike nani ametunga nini, wasaini.

Wanaosema "sisi ni ndugu, hatuhitaji karatasi" wanafikiri wasipoandika basi hakuna makubaliano. Sheria haiachi pengo namna hiyo. The Smiths wa Manchester walipiga pamoja kuanzia 1982 hadi 1987. Mwimbaji Morrissey na mpiga gitaa Johnny Marr walichukua asilimia 40 kila mmoja ya mapato ya rekodi na maonyesho, wenzao wawili wakapata asilimia 10 kila mmoja. Mpiga dramu Mike Joyce alienda mahakamani, na mwaka 1996 akashinda: bila ushahidi kwamba alikubali fungu dogo, yeye ni mbia kama wabia wengine, hivyo haki yake ni robo. Mirabaha ya utunzi haikuguswa, ilibaki kwa watunzi. Hapa kwetu masharti ya ubia yamo ndani ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, na mwelekeo ni uleule: wabia wasipokubaliana vinginevyo, faida inagawanywa sawa kwa sawa. Kiongozi wa bendi anayejikatia nusu kwa mazoea ajue hilo.

Wakati mwingine kinachokosekana ni mtu wa katikati. Beatles walimpoteza meneja wao, Brian Epstein, Agosti 1967. Kuanzia hapo hawakuafikiana nani ashike biashara yao: watatu walimtaka Allen Klein, meneja kutoka Marekani, mwenzao Paul McCartney akakataa katakata. Tatizo ni kwamba mwaka huohuo wa 1967 walikuwa wamesaini ubia wa miaka kumi, na McCartney hakuona mlango wa kutokea isipokuwa kuwashtaki wenzake, akafanya hivyo tarehe 31 Desemba 1970. Ubia ulifutwa rasmi 1975. Kwa hiyo karatasi peke yake haitoshi, kama haisemi mtu anatokaje.

Jina nalo ni mali. Waters alipojitoa Pink Floyd mwaka 1985 alitaka jina lizikwe. Wenzake David Gilmour na Nick Mason wakaendelea nalo, wakafikishana kwa mawakili, na mwishoni mwa 1987 wakapatana: wao wakabaki na jina, Waters akabaki na haki za onyesho la The Wall pamoja na yule nguruwe wao mkubwa wa kujazwa hewa. Ndiyo, waligombea hadi puto.

Katika dansi yetu swali hili lilikuwa na jibu la haraka: mwenye vyombo ndiye mwenye bendi. Mwanamuziki akihama, anahama na sauti yake tu, jina linabaki. Mbaraka Mwinshehe alipoondoka Morogoro Jazz mwaka 1973 ilibidi aanze na jina jipya, Super Volcano. Mwaka 1978 waliochomoka Simba Wanyika kule Nairobi wakajiita Les Wanyika. Siku hizi vyombo vinakodishwa, na mali ya kikundi iko kwenye simu. Kikundi kimoja cha upande wa Igoma kilitufikia kimegawanyika, wamekuja na dramu kubwa yenye jina lao limepakwa rangi nyekundu, kama ushahidi. Tuliwauliza akaunti ya YouTube ilifunguliwa kwa barua pepe ya nani. Wakatazamana. Ilikuwa ya mpiga besi, naye alishahamia Geita, na neno la siri analo yeye. Dramu ile haikuwa na kazi.

Lakini kugawanyika si msiba kila mara. Wasukuma wamecheza ngoma miaka zaidi ya mia katika pande mbili pinzani, Bagika wanaomfuata Ngika na Bagalu wanaomfuata Gumha, waasisi wa pande hizo. Ukifika Bujora, Kisesa, kwenye mashindano ya Juni, pande mbili zinacheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Upinzani ule ndio umeikuza ngoma. Na R.E.M. wa Marekani, waliokuwa wakiandika nyimbo kwa jina la wote wanne, walimruhusu mpiga dramu wao kuondoka kwa amani mwaka 1997, kisha waliobaki wakafunga bendi 2011 bila kushtakiana.

Basi kwa vikundi vya Nyamagana, Ilemela na visiwani. Hakimiliki inaanza pale kazi inapotungwa, hata kabla ya kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi, na inadumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Mkitunga kwa pamoja, miaka hiyo huhesabiwa tangu afe wa mwisho wenu, kwa hiyo watakaodaiana ni wajukuu. Kila wimbo ukikamilika andikeni mgawanyo wa utunzi. Jina lisajiliwe BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa majina ya wabia wote, na mkumbuke kwamba kusajili jina la biashara hakuna nguvu ya alama ya biashara. Andikeni anayetoka anaondoka na nini, na neno la siri liwe kwa watu wawili. Mkija ofisini kusaidiwa kuandaa makubaliano, njooni wote, pamoja na mpiga tumba. Kiongozi akija peke yake tutamrudisha akawaite wenzake.