Mtoto kaanguka mkarafuu: dawa gani ya maumivu?

Kila msimu wa karafuu hapa Pemba, watoto huparamia mikarafuu, na wako wanaoshuka kwa kuanguka. Haya ndiyo wazee wanayouliza sana.

Nikimpa dawa kabla ya hospitali, si nitamficha daktari maumivu?
Hapana, mpe. Mfupa uliovunjika utaonekana kwenye picha hata kama mtoto hasikii maumivu, na mtoto aliyetulia hupimika vizuri. Mfunge mkono kwa kanga, usitikisike. Lakini kama kagonga kichwa, anatapika au hajitambui vyema, asinywe kitu, mkimbize hospitali.

Paracetamol au ibuprofen?
Kwa mfupa na misuli, mimi nachagua ibuprofen. Mwaka 2007 madaktari wa Ottawa, Canada, waliwalinganisha watoto 300 wa miaka 6 hadi 17 walioumia viungo. Baada ya saa moja, waliokunywa ibuprofen walipata nafuu kubwa kuliko wa paracetamol na hata wa kodeini, dawa kali ya maumivu. Paracetamol inabaki kwa mtoto anayetapika au kuharisha kwa ugonjwa wa tumbo, si kwa kuanguka, mwenye ugonjwa wa figo, au mwenye homa inayodhaniwa ni dengi.

Kiasi gani?
Pima kwa kilo, si kwa umri. Mtoto wa kilo 20: ibuprofen miligramu 200, yaani mililita 10 za chupa iliyoandikwa 100 kwa 5 (miligramu 100 katika kila mililita 5), kila saa 8. Paracetamol ni miligramu 300: mililita 12.5 za chupa ya 120 kwa 5, kila saa 6, isizidi mara nne kwa siku. Tumia kikombe au bomba lililokuja na chupa. Vijiko vya nyumbani havilingani, na hapo ndipo watoto wengi wanapopunjwa au kuzidishiwa.

Sindano si ina nguvu zaidi?
Imani hii inanisikitisha, maana inamuumiza mtoto mara mbili. Sindano ya diklofenaki si ya watoto. Aspirini pia asipewe. Kodeini, mamlaka ya dawa ya Marekani ilisema 2017 wasipewe walio chini ya miaka 12: miili mingine huigeuza morfini kwa haraka mno, pumzi zikafifia.

Na akiendelea kulia?
Hospitali wana morfini na ketamini, dawa kali za maumivu, za kutolewa huku mtoto akiangaliwa anavyopumua. Usione haya kuomba. Chukua chupa uliyompa, na mwambie muuguzi saa ngapi alikunywa.