Riwaya ya kwanza ya vijana naipima katikati

Sura ya kwanza ya mwandishi mpya siiamini haraka. Marekani na Uingereza, mswada mara nyingi hupitia kwanza kwa wakala, yaani anayemtafutia mwandishi mchapishaji, naye mara nyingi huomba kurasa chache tu za mwanzo. Basi kurasa hizo hufutwa na kuandikwa upya hadi zing'ae. Ndiyo maana ninapohakiki riwaya ya vijana iliyo ya kwanza kwa mwandishi wake, naitafuta kalamu ya mwandishi katikati, mbwembwe za ufunguzi zikiwa zimekwisha na mwisho bado uko mbali.

Ila kila utanzu una deni lake. Riwaya ya maisha ya kila siku naidai sauti, fantasia naidai sheria zisizovunjwa ovyo, na ya upelelezi naidai dalili zilizopandwa mapema.

Kwa maisha ya kila siku, chukua The Hate U Give ya Angie Thomas (2017). Starr, msichana wa miaka 16, anashuhudia polisi akimuua rafiki yake Khalil, na hayo yanatokea kitabu kikiwa kibichi bado. Kalamu dhaifu ingebaki na maombolezo marefu. Thomas anahamisha swali: je, Starr atasema, na mbele ya nani? Sauti yenyewe inabeba taharuki, maana kwao Garden Heights Starr anaongea kwa uhuru, lakini shuleni Williamson, kwenye Wazungu wengi, anachunga lugha ya mtaani isimponyoke. Mwaka 2018 kitabu hicho kilipata Tuzo ya William C. Morris, ambayo wakutubi wa Marekani huwapa waandishi wapya wa vijana tangu 2009. Ilistahili.

Kwenye fantasia kuna Children of Blood and Bone ya Tomi Adeyemi (2018), iliyochota imani za Wayoruba. Sheria yake kuu ni imara: ibada ya kurudisha nguvu za uchawi ina siku yake, ikipita zinapotea milele. Kila safari ya katikati inakimbizwa na tarehe hiyo, na hadithi hailegei. Wasimulizi ni watatu: Zélie, Amari na Inan. Hapa nina jaribio ninalolipenda. Naziba jina lililo juu ya sura, nasoma ukurasa mmoja, kisha najiuliza ni nani anayesema. Inan namtambua mara moja, kwa sababu anapigana na nguvu alizo nazo mwenyewe na anazozichukia. Zélie na Amari, hasa kwenye mbio na mapigano, wananikaribiana mno. Hilo huliandika wazi, pamoja na sifa zote ninazokipa kitabu.

Kwa upelelezi, City of Saints & Thieves ya Natalie C. Anderson (2017) inatugusa zaidi. Tina ni mkimbizi kutoka Congo, mwizi katika mji wa kubuni wa Sangui, Kenya, anayetaka kulipiza kisasi cha mama yake aliyeuawa katika nyumba alimofanya kazi. Anderson ni Mmarekani aliyewahi kufanya kazi na wakimbizi, na ujuzi huo unaonekana: Congo ya Tina ina watu wenye madeni, uoga na siri, na jibu la mauaji linatoka kwenye historia yao. Riwaya ya aina hii naisoma mara mbili. Nikishamjua muuaji, narudi nyuma kuona kama nilionyeshwa au nilifichwa tu.

Firekeeper's Daughter ya Angeline Boulley (2021) inachelewesha mauaji, na wapo wanaochoka njiani. Mimi nautetea mwendo huo. Kurasa hizo za mwanzo zinatufundisha nani ni ndugu wa nani miongoni mwa Waojibwe, wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini, katika mji wa Sault Ste. Marie, na baadaye undugu huo unakuwa ushahidi. Ila ndani yake kuna dawa za kulevya na ukatili wa kingono, na mhakiki wa vijana asiyelitaja hilo amemtupa msomaji wake. Mimi huliweka aya ya pili, kabla ya sifa yoyote, ili mzazi wa mtoto wa miaka 13 na kijana wa miaka 17 kila mmoja aamue mwenyewe.