Injinia mwandamizi wa serikali: kijiweni anasemwa hivi, kazini yuko hivi

Kaa kwenye kijiwe chochote cha kahawa jirani na barabara inayojengwa, utamsikia injinia wa serikali akisemwa kwa namna mbili: ama ndiye anayejenga, ama ndiye aliyekula. Hajengi. Kuhusu kula, wapo waliokula, sina haja ya kuwatetea. Ila wengi wanaomnyooshea kidole hawajui ni sahihi yake ipi yenye nguvu na ipi haina. Hapa nazungumzia Tanzania Bara, na hasa mhandisi ujenzi mwandamizi wa barabara na madaraja.

Anayejenga ni mkandarasi, aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi kwa daraja lake. Injinia wa serikali anasimama upande wa mwenye kazi. Jukumu lake ni kuthibitisha kwamba kilichoandikwa kwenye mkataba ndicho kilichowekwa ardhini, na jambo hilo halithibitishwi kwa macho.

Chukua tabaka moja la udongo. Greda limepita, mashine ya kushindilia imepita, juu panang'aa kama sakafu. Fundi wa maabara anapiga magoti, anaweka sahani ya chuma yenye tundu katikati, anachimba kishimo kwa patasi na kijiko, na udongo wote anaukusanya kwenye mfuko mpaka punje ya mwisho, kisha anaupima. Halafu anajaza kishimo kwa mchanga mkavu ambao uzito wake kwa ujazo unajulikana. Kiasi cha mchanga kilichoingia kinampa ukubwa wa shimo, na uzito wa udongo kwa ukubwa huo ndio msongamano wake. Mkataba unataka asilimia 95 ya msongamano uliopatikana maabara. Kimetoka 93. Msimamizi wa mkandarasi atasema, "Injinia, mbili tu hizo, na wingu lile unaliona." Sasa hapo ndipo cheo kinapofanya kazi. Akiandika 93, tabaka linachimbuliwa, linamwagiwa maji, linashindiliwa upya, na gharama ni ya mkandarasi. Akiandika 95, hakuna atakayejua mpaka masika ya pili. Zege nalo lina utaratibu wake: sampuli za mchemraba wa milimita 150 zinalowekwa majini, nyingine zinavunjwa kwa mashine siku ya 7, nyingine siku ya 28, na namba inayotoka haina undugu na mtu.

Wengine wanasema yeye ndiye anayegawa tenda. Hapana. Mkataba husainiwa na Afisa Masuuli, yaani mkuu wa taasisi anayewajibika kwa fedha zake, zabuni hupita kwenye bodi ya zabuni, na siku hizi maombi hupitia NeST, mfumo wa mtandaoni wa ununuzi wa umma. Injinia anaandaa michoro, makadirio ya gharama na viwango vya ubora, na anaweza kuteuliwa kwenye kamati ya tathmini, basi. Fedha inamgusa mahali pamoja tu, kwenye hati ya malipo. Anapima kazi iliyofanyika mwezi huo, anaisaini, ndipo malipo yanaanza safari yake. Akisaini kazi hewa, umma umeibiwa. Lakini akiikalia hati ya kazi halali, mkataba unampa mkandarasi haki ya kudai riba, na riba hiyo inatoka kwenye kodi ileile. Kwa hiyo nikisikia injinia fulani anasifiwa kwa "kukaza" tu, huwa nauliza kwanza amekaza nini.

Kuhusu sifa, dhana iliyoenea ni kwamba ukiwa na digrii umekuwa injinia, na ukizeeka ofisini unakuwa mwandamizi. Digrii ya miaka minne inakufikisha mlangoni. Chini ya Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya mwaka 1997, Bodi ya Usajili wa Wahandisi humsajili mtu kwanza kama mhandisi mhitimu. Ili awe mhandisi mtaalamu anatakiwa kufanya kazi si chini ya miaka mitatu chini ya usimamizi, aandike taarifa za alichofanya kwa mkono wake, kisha awekwe kitako na wakongwe wa fani wamhoji. Soma hata matangazo ya ajira ya Mhandisi Ujenzi Daraja la II: jukumu la kwanza ni kufanya kazi chini ya mhandisi mtaalamu ili apate sifa za kusajiliwa. Ngazi inaanza daraja la II, inapanda la I, ndipo Mwandamizi, na juu yake yuko Mhandisi Mkuu. Anayejiita "Eng." bila kuwa kwenye daftari la Bodi anavunja sheria, hata kama kadi yake ya biashara imechapishwa kwa wino wa dhahabu. Aliyemo kwenye daftari anaweza kufutwa, na hapo mshahara wa serikali haumsaidii.

Kuna na ile kejeli kwamba serikalini wanakwenda waliokosa nafasi kwenye kampuni. Daraja la juu pale TAZARA, Dar es Salaam, lililofunguliwa mwaka 2018, linaitwa Mfugale. Ni jina la Mhandisi Patrick Mfugale, aliyekuwa Mtendaji Mkuu wa TANROADS, Wakala wa Barabara Tanzania. Makutano ya Ubungo yanaitwa Kijazi, jina la mhandisi mwingine, John Kijazi, aliyepanda hadi kuwa Katibu Mkuu Kiongozi.

Sasa tuje kwenye lile linalochemsha damu: barabara imebomoka, basi pesa imeliwa. Inawezekana. Lakini lami ina adui wawili wasioshika kalamu.

Wa kwanza ni uzito. Madhara ya ekseli kwenye barabara hayapandi sambamba na mzigo, yanapanda takriban kwa kipeo cha nne. Ekseli moja yenye matairi manne inaruhusiwa tani 10 katika nchi za Afrika Mashariki. Ikibeba 12, mzigo umezidi kwa asilimia 20, lakini madhara yamekuwa kama mara mbili. Ndiyo maana kuna mizani, na ndiyo maana dereva anayekwepa mizani usiku anaila barabara iliyosanifiwa kudumu miaka 20. Gari lako dogo halina habari. Lipite mara elfu, lami haitajua.

Wa pili ni maji. Wataalamu wanasema kalavati limesanifiwa kwa mafuriko ya miaka 50, na watu wanaelewa kwamba yakishatokea leo, tumepumzika nusu karne. Maana yake ni kwamba kila mwaka kuna uwezekano wa asilimia 2 mafuriko ya kiwango hicho au zaidi kutokea. Ndani ya miaka 10 uwezekano huo unafika kama asilimia 18, si kitu cha kupuuza. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi, maeneo ya Somanga na kwingineko. Kazi ya mwandamizi siku kama zile ni kufungua njia kwanza, kwa mawe na kifusi, malori yapite. Kisha arudi na hesabu mpya za mto, kwa sababu kurudisha kalavati la ukubwa uleule ni kulisubiri liondoke tena.

Alama ya X ya kubomolewa ukutani kwako si chuki ya injinia. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mkoa kuwa mita 60, yaani 30 kila upande kutoka katikati. Fidia nayo haiamuliwi na injinia, kuna mthamini. Na kabla hujamtukana meneja wa TANROADS kwa mashimo ya mtaani kwenu, fahamu kwamba barabara za mitaa na vijiji ziko chini ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, tangu 2017.

Bango la mradi ambalo watu huegeshea pikipiki lina majina yote unayohitaji: mwenye kazi, mkandarasi, mhandisi mshauri, tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Kazi ikikabidhiwa, kwa kawaida kunakuwa na kipindi cha matazamio, mara nyingi mwaka mmoja, na sehemu ya fedha ya mkandarasi huwa imezuiwa. Nyufa zikitokea mwezi wa saba kwa sababu ya kazi mbovu, mkandarasi anazirekebisha kwa gharama zake. Injinia ndiye anayemwandikia barua ya kumwita, lakini barabara zake ni nyingi na gari la ofisi ni moja. Ukiziona, mpelekee taarifa kabla mwaka haujaisha.